Ushahidi wa Kofia

Kwa miaka thelathini na mmoja Orpha Stamper alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya Pawpaw, kule milimani mashariki mwa Kentucky, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemuuliza habari za chakula akajibiwa kitu kingine zaidi ya ukweli. Mtoto anasogea na sinia lake, anauliza, "Bi Orpha, nyama ya leo ikoje?" Naye, upawa mkononi, anajibu, "Ya leo imenishinda, mwanangu. Chukua maharage."

Mwalimu mkuu alimwita ofisini mara tatu kumsihi asiwaambie watoto maneno kama hayo. Mara ya tatu Orpha akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuionja ile nyama. Mwalimu mkuu akakiri kwamba huwa anakuja na chakula chake kutoka nyumbani. Hakumwita tena.

Wala msidhani alikuwa mkali. Alikuwa mama mnene wa taratibu, mwenye kucheka kwa mabega, na kusema kweli kwake hakukuwa sifa ya kujivunia. Alikuwa kama mtu asiyejua kupiga mluzi: amejaribu, midomo haikubali. Mhubiri akisimama mlangoni baada ya ibada na kumuuliza mahubiri yalikuwaje, anasema, "Yalikuwa mazuri mpaka saa sita kasorobo." Watu walimzoea. Hata waliokuwa wakigombana juu ya mpaka wa shamba walimwendea awaambie uzio wa zamani ulipita wapi, kwa sababu walijua atasema ulikopita, hata kama ulipita kwenye shamba lake mwenyewe la viazi.

Basi mtu wa namna hiyo, kati ya wanaume wote wa lile bonde, akaolewa na Arvil Stamper.

Arvil alitengeneza misumeno ya injini na mashine za kukatia nyasi, na kazi hiyo aliifanya vizuri, lakini si ndiyo iliyompa jina. Jina alilipata kwenye benchi. Nje ya duka la Hobert Napier kuna benchi refu la mbao ambalo wanaume hukaa asubuhi na kudanganyana, na wanaliita benchi la waongo bila aibu yoyote. Lina sheria moja tu. Mtu akitaka kutoa uongo, anavua kofia na kuiweka gotini. Kofia ikiwa gotini, sema lolote unalotaka, na hakuna anayeruhusiwa kukuuliza ushahidi. Kofia ikiwa kichwani, unasema kweli, na maneno yako yanahesabiwa.

Sheria hiyo waliishika kweli kweli. Siku Clell Fugate alipokuja mbio kusema ng'ombe wake ametumbukia kisimani, kofia ilikuwa imemdondoka njiani. Wazee wakajisogeza, wakaanza kumsikiliza kwa raha. "Endelea, Clell," wakamwambia, "ng'ombe akasemaje?" Maskini ilibidi ampokonye Hobert kofia yake na kuivaa, ndipo wote wakainuka na kamba.

Arvil alipomposa Orpha, miaka arobaini na minne iliyopita, alikaa kwenye ngazi za nyumba ya baba yake binti akaanza kumweleza atakavyomjengea nyumba ya vyumba tisa. Orpha akaitazama kofia pale gotini. "Vaa hiyo kofia," akasema, "halafu uniambie tena." Arvil akavaa. Akafikiri kidogo. "Vyumba viwili," akasema, "na paa linavuja." Orpha akakubali.

Sasa tuje kwenye mzizi.

Katika milima ile kuna mmea unaoitwa jinsengi, na mzizi wake unapendwa mno na Wachina kwa dawa. Vuli ikifika, majani yakigeuka manjano, watu huuchimba, kama walivyochimba babu zao. Ukiuchimba kwenye ardhi yako, ni wako. Ukiuchimba kwenye msitu wa serikali, umeiba. Msitu wa serikali ulianza pale uzio wa Arvil ulipoishia, na waya wa uzio huo ulikuwa umelala chini kwa miaka, umefunikwa na majani. Arvil alijua waya ulipo. Hilo hakulikana hata siku moja.

Vuli moja akachimba ratili tatu upande usio wake, akazikausha, akamuuzia mnunuzi mgeni aliyejiita Randall, aliyekuja kukaa kwenye benchi la Hobert wiki sita mfululizo, akinywa soda na kuwanunulia wenzake. Jamani, Randall alikuwa msikilizaji. Wenzake Arvil walikuwa wameshazisikia hadithi zake mpaka wanamkatizia kwa kumwambia mwisho. Huyu alicheka mahali pa kucheka, na alipofika mahali pa kushangaa akashangaa. "Na mwaka ule mwingine ulipata ngapi?" anauliza. Basi Arvil anavua kofia, anaiweka gotini, anampa mwaka ule mwingine.

Randall alikuwa askari wa misitu. Kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa kamera.

Arvil alipokamatwa alikiri siku hiyo hiyo. "Nilichimba, nikauza," akasema. Ratili tatu, kosa moja, mzee wa miaka sitini na minane asiyewahi kuingia mahakamani hata kama shahidi. Wakili aliyepewa na mahakama, binti mmoja kutoka mjini aitwaye Marisol Quintero, alimwambia huenda asifungwe kabisa. Wakarudi nyumbani wakapika.

Mwezi mmoja baadaye wakili akaja mwenyewe mpaka nyumbani, akiendesha gari dogo lililokwaruzwa tumbo na ile barabara. Orpha akamwekea maharage, mkate wa mahindi na kitunguu kibichi, kwa sababu aliona uso wa mtu mwenye habari mbaya, na habari mbaya hazisemwi vizuri na tumbo tupu. Arvil alikuwa bandani, msumeno ukiunguruma.

"Bi Orpha," wakili akaanza, "ripoti ya kumsaidia jaji kupanga adhabu imetoka. Wamemwekea Arvil ratili mia moja na themanini."

"Alichimba tatu."

"Tatu ndizo alizoshtakiwa nazo. Hizo nyingine amezisema mwenyewe, pale dukani. Hadithi kumi na mbili, za miaka kumi. Wameziandika zote."

Orpha akaweka kijiko chini. "Lakini hajashtakiwa kwa hizo."

"Hajashtakiwa. Sheria inamruhusu jaji, wakati wa kupanga adhabu, aangalie na mambo ambayo mtu hakushtakiwa. Haihitaji kuthibitishwa kama kwenye kesi yenyewe. Inatosha jaji aone yanaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kuwa uongo."

"Kwa hiyo ameshtakiwa kwa ratili tatu, anafungwa kwa mia na themanini."

"Hafungwi kwa hizo, Bi Orpha. Anafungwa kwa zile tatu, ila muda unarefuka kwa sababu ya hizo."

"Mwanangu," Orpha akasema kwa upole, "hiyo ni njia ndefu ya kusema ndiyo."

Wakili akacheka bila kutaka. "Ndiyo," akasema. "Inaweza kuwa mwaka mmoja na nusu. Gereza la mbali."

Orpha akaomba aone hizo karatasi. Akavaa miwani, akasoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Mle mlikuwa na mzizi uliobebwa na nyumbu wawili wa mizigo. Mlikuwa na mwaka ambao Arvil alichimba sana mpaka mlima ukashuka na jua likaanza kuchomoza dakika tano mapema. Mwandishi wa ripoti hakuwa mjinga, hayo aliyaruka. Lakini pale ambapo nyumbu walikuwa wamebeba ratili sitini, alikuwa ameondoa nyumbu na kuacha ratili.

"Hizi karatasi hazijakamilika," Orpha akasema mwishowe.

"Ni kila neno lililosemwa."

"Kofia iko wapi?"

"Kofia gani?"

Orpha akamtazama yule binti kwa muda, akagundua kwamba watu wote hawa, askari, mwandishi, wakili, mwendesha mashtaka, walikuwa wamesoma uongo wa Arvil bila kujua ni uongo, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi akidhani ni ya benki. Akamweleza ile sheria. Akamweleza na ng'ombe wa Clell. Wakili akaacha kula.

"Na Arvil mwenyewe kwa nini hakuniambia?"

"Hukumuuliza habari za kofia. Na kwake yeye, kumweleza mtu kwamba huu ni uongo ni kama kuteleza mbele ya watu. Hawezi."

Wakili akafungua kompyuta yake juu ya meza, akatafuta picha za ile kamera ya kifungo. Arvil huyo hapo, benchini, mkubwa na mwenye furaha. Hadithi ya kwanza: kofia gotini. Ya pili: gotini. Ya nne alikuwa akiipunga kwa mkono kuonyesha ukubwa wa nyumbu, kisha akairudisha gotini kwa adabu. Wakili alikuwa akihesabu kwa vidole, macho yanang'aa. Ya kumi, gotini. Ya kumi na moja, gotini.

Ya kumi na mbili ilikuwa fupi. "Mwaka juzi," Arvil anasema, bila mbwembwe, "nilitoa ratili tisa kule nyuma ya mwamba." Kofia ilikuwa kichwani.

Bandani msumeno ulizimika.

"Bi Orpha," wakili akasema polepole, "siwezi kukuambia useme lolote ila ukweli. Lakini ukisimama na kueleza kofia, watakuuliza na hii. Usiposimama, nitajaribu kwa maneno yangu tu, na huenda jaji akahesabu zote kumi na mbili."

Orpha alikuwa akilitazama jiko. Lilikuwa jiko zuri, jeupe, lenye nafasi sita za sufuria, lililofika mwaka juzi mwezi wa Novemba juu ya lori la shemeji yake, wiki mbili baada ya lile la zamani kufa. Arvil alisema amepata kazi ya misumeno mingi huko kaunti ya pili. Orpha, ambaye maisha yake yote aliuliza kila kitu, hakuuliza ni misumeno ya nani.

Arvil akaingia, mafuta mikononi, akaona picha yake imesimama kwenye kompyuta. Hakuhitaji kuelezwa.

"Usiende kizimbani," akamwambia mkewe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe utajibu."

"Nisipokwenda, utalala huko mwaka na nusu kwa ajili ya nyumbu."

"Walikuwa nyumbu wazuri," Arvil akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo. Akanawa mikono, akakaa, akajimegea mkate. "Lile jiko nalo, Orpha. Watakuuliza na lile jiko."

"Najua watakachouliza."

Siku ya mahakama alivaa gauni la bluu la Pasaka. Nusu ya benchi la Hobert walikuwa wamekuja, wamekaa safu ya nyuma, kofia mikononi kwa sababu askari wa mlangoni aliwaamuru wavue, na jambo hilo liliwasumbua sana, maana hawakujua tena wamo katika hali gani. Clell alimnong'oneza Hobert, "Sasa jaji akiniuliza jina langu nitamjibuje?" Hobert akamwambia anyamaze.

Jaji Whitlow alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua. Alimsikiliza Orpha akieleza ile sheria ya benchi toka mwanzo, na alipofika kwa Clell na kisima, jaji akachukua leso, akapenga muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakaonyesha picha kwenye skrini. Hadithi ya kwanza mpaka ya kumi na moja, gotini, gotini, gotini.

"Bibi Stamper," jaji akasema, "unaiambia mahakama hii kwamba mumeo ni mwongo?"

"Kwa kofia gotini, Mheshimiwa, hakuna anayemfikia katika kaunti tatu."

Safu ya nyuma ikaguna kwa kuafiki. Arvil, kwenye kiti chake, akanyoosha mgongo kidogo.

Kisha akainuka mwendesha mashtaka, Bwana Pruett, kijana mwenye adabu, mwenye suti iliyonyooka.

"Bibi Stamper, kwa hiyo kofia ikiwa kichwani, mumeo anasema kweli?"

"Ndiyo."

"Kila mara?"

"Kila mara. La sivyo benchi lingekuwa halina maana."

Akaonyesha hadithi ya kumi na mbili. Akaisimamisha pale pale, kofia ikiwa imekaa kichwani mwa Arvil kama kifuniko cha sufuria. Orpha aliona mkono wa wakili Quintero umetulia tuli juu ya karatasi. Angeweza kusema Arvil alisahau kuivua, kwamba siku ile kulikuwa na baridi. Maneno yalikuwepo, aliyaona kabisa, mepesi, yamejipanga. Akafungua mdomo, midomo ikakataa, kama mluzi.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Ratili tisa."

"Ulijua?"

"Alileta jiko jipya. Sikuuliza lilitoka wapi."

"Kwa hiyo hukujua."

"Bwana Pruett, mimi huuliza kila kitu. Nilipoona siulizi, nikajua nimeshajua."

Bwana Pruett akabaki amesimama na swali lake la pili mkononi, halafu akalirudisha mfukoni kwa maana halikuwa na kazi tena. "Sina zaidi, Mheshimiwa," akasema.

Jaji aliandika kwa dakika kadhaa. Kisha akasema kwamba kwa miaka yake yote katika kiti kile ameletewa ripoti zenye mambo ambayo hakuna aliyeshtakiwa nayo, na kila mara imembidi akisie lipi lina uzito na lipi ni moshi. Leo, akasema, ni mara ya kwanza amepata shahidi aliyempimia pande zote mbili. Hadithi kumi na moja atazitoa. Ya kumi na mbili ataihesabu. Tatu na tisa, kumi na mbili.

Arvil akapewa miaka miwili ya uangalizi, asiukanyage msitu wa serikali hata kwa kumfuata mbwa, na wikendi kumi katika jela ya kaunti, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri. Kama si zile ratili tisa, wakili alisema baadaye, pengine hata hizo wikendi zisingekuwepo. Orpha akamshukuru kwa kumwambia.

Nje, kwenye ngazi, wazee walimzunguka Arvil kumpa mkono, na kila mmoja alikuwa na neno.

"Umethibitishwa na serikali," Hobert akamwambia. "Uongo wako sasa una mhuri."

"Waniandikie cheti," Arvil akajibu, "nikitundike juu ya banda." Lakini njiani kurudi hakusema kitu, na Orpha naye akaendesha bila kumsukuma, maana hakuwa na uhakika kama amekasirika, na hakutaka kuuliza kabla ya kuwa tayari kwa jibu.

Ijumaa ya kwanza alimpeleka jela na mfuko wa soksi na dawa zake za presha. Jumamosi nyumba ilikuwa kimya mno. Aliosha mapazia. Akakaanga maandazi ya tufaha, zaidi ya mtu mmoja anavyoweza kula. Jioni akajikuta anamweleza paka habari za mapazia.

Jumapili saa kumi alikuwa mlangoni mwa jela. Arvil alitoka akiwa amefuatwa na askari mmoja kijana, mnene, mwenye funguo kiunoni.

"Wewe ndiye Bi Orpha?" askari akauliza. "Mama, Ijumaa umlete mapema. Ametuacha katikati."

"Katikati ya nini?"

"Pale unapompiga dubu kwa mwiko."

Orpha akamtazama mumewe. Arvil akatazama maegesho.

"Dubu hakuwepo," Orpha akamwambia yule askari. "Mwiko ulikuwepo."

"Na nani aliyepigwa?"

"Muulize yeye Ijumaa."

Wakaingia garini. Orpha akampa andazi lililofungwa kwenye kitambaa, alilolipasha moto kabla ya kutoka, na Arvil akalila lote kabla hawajafika barabara kuu, makombo yakamwagika kifuani. Walipita kanisa, wakapita kiwanda cha mbao kilichofungwa. Kisha Arvil akajifuta mdomo.

"Ingekuwa mimi niko pale kizimbani na wewe ndiye uko kwenye kile kiti," akasema, "ningedanganya kwa ajili yako, Orpha. Mbele ya jaji yule yule."

"Najua," Orpha akasema, akibadilisha gia kwa ajili ya mlima. "Ndiyo maana hawakukuita wewe."

Arvil akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka kiti kikatikisika, na Orpha akacheka naye kwa mabega, mikono miwili kwenye usukani. Arvil akanyoosha mkono kwenye kitambaa kuona kama kuna andazi la pili. Lilikuwepo.